Siku Nne za Maji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeikumbuka maisha yangu yote. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, na baba alikuwa ameniachia kihamba cha juu, shamba la ukoo wetu, pale mfongo wetu, yaani mfereji wa maji ya mlimani, ulipoanzia. Tulikuwa kaya tatu. Mimi nilikuwa na mahali pa kukingia maji. Mzee Elirehema, jirani wa chini, alijua kujenga ukuta wa mawe wa kugeuzia maji mferejini, usiobebwa na mto. Mama Anaeli, mjane, alikuwa na wana watano wa kuchimba. Jumapili hakuna aliyegusa maji. Siku sita zilizobaki, kila kaya ilipata mbili.

Nikaona napunjwa.

"Bila shamba langu hakuna maji," nikawaambia. "Nataka siku nne."

Mzee Elirehema hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe, akafuta udongo kwenye jembe lake. "Kweli, kijana wangu. Lakini tuseme wewe na Anaeli mmeanza bila mimi. Mna nini?"

"Mfereji."

"Mkavu. Nikija mimi wa mwisho, maji yanapita. Nami nidai siku nne? Na Anaeli akija wa mwisho, naye adai? Anayefika mwisho siku zote huonekana kaleta maji yote."

Nikaudhika. "Asiyetaka aondoke," nikasema.

Wakaondoka. Bonde la pili palikuwa na watu wenye mfereji waliohitaji fundi na vijana. Wakapewa siku mbili mbili. Masika yaliyofuata mto ukabeba ukuta, maana hakuwapo wa kuukarabati. Nilipanga mawe peke yangu wiki nzima, na nilichojenga asubuhi kilianguka jioni. Kiangazi kilipokuja, kahawa ikakauka.

Nikaenda kuomba radhi. Walinipokea vizuri, wakanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Tumekusamehe," Mama Anaeli akasema, "ila huku siku zote za maji tumeshagawana."

Nikarudi nyumbani. Mke wangu ametangulia sasa, na siku za kusafisha mfereji nawasikia ng'ambo wakiitana na kucheka, wajukuu wa wale wana watano. Mimi hakuna anayeniita.

Umeniambia chuoni mnafundishwa hesabu za watu wanaoshirikiana, wagawaneje. Tena wewe na wenzako wawili mnataka kusindika maziwa Shirimatunda, na ng'ombe ni wako. Basi, kabla hujataja fungu lako, mfikirie kila mwenzako kana kwamba ndiye aliyefika mwisho, uone kazi inakosa nini bila yeye. Kisha jiulize kwa wengine angepata nini. Ukimpa pungufu ya hapo ataondoka, wala si kwa ubaya. Na akishapata mahali pengine, msamaha wake hautamrudisha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, akuzeeshe katikati ya watu.