Mama Hodi na Mashine Asiyoiamini

Ni asubuhi, na Mama Hodi amekiinamia kitanda cha kioo cha watoto njiti kama anayemchungulia mtoto anayejifanya amelala. Ndani hamna mtoto. Mna chupa ya maji ya moto na kipimajoto. Anachomoa waya wa kipimajoto, kengele inalia inavyotakiwa. Anaurudisha, anauchomoa tena upesi. Inalia. Anarudia, na safari hii kimya.

"Umeiona? Imekula, ikafuta mdomo," anamwambia fundi wa nyaya aliye kando yake.

Kitendawili: anabisha hodi, asiposikika anaondoka na habari zake. Mkishindwa, nipeni mji: ni hicho kipimajoto.

Mama huyu huandika programu za kuviunganisha vifaa na kompyuta. Kifaa chenye neno hubisha hodi; kompyuta huacha inachofanya na kukisikiliza. Ndipo alipopatia jina. Lakini vifaa vina vituko kama mawifi: kimoja hubisha bila kuwa na haja yoyote, viwili hutumia mlango mmoja kisha vikasingiziana.

"Kifaa kikiniambia ni kizima, namuuliza jirani yake," anasema.

Nyumbani ni vilevile. Mumewe akisema amefunga mlango, yeye huenda kuusukuma. "Sijui nilioa au niliajiriwa," mzee analalamika, akicheka.

Kitanda hiki kinasubiriwa wodini. Mtoto akipoa na kengele isilie, muuguzi atajuaje? Mkuu wa karakana wanamokitengeneza anataka kiondoke leo. Imebaki saini ya Mama Hodi tu.

Kwa siku kadhaa yeye na fundi wa nyaya, wanayemwita Koleo, wametazamana kwa jicho la pembeni. Mama alishuku waya umelegea. Koleo alishuku programu, akasema mbele ya watu kwamba mcheza mbaya husingizia uwanja. Mwishowe akafunga waya mpya, mama akimsimamia kichwani. Ugonjwa ukabaki palepale.

Hapo Mama Hodi akaanza kujishuku mwenyewe, kisha akaushuku mwongozo wa kiwanda. Mwongozo ulisema: soma habari, ndipo ufute alama ambayo hodi huiacha mlangoni. Naye alitii. Kumbe hodi ya pili ikiangukia katikati, baada ya kusoma na kabla ya kufuta, hufutwa pamoja na ya kwanza, na habari yake haisomwi na mtu.

Leo anageuza mpangilio: anafuta kwanza, ndipo anasoma. Atakayebisha katikati, alama yake itabaki mlangoni ikimsubiri.

Anachomoa waya. Inalia. Anachomoa tena na tena, polepole, kwa pupa, kwa kuvizia. Inalia kila mara.

"Haya dada, saini tukale," anasema Koleo.

"Bado, kaka. Mashine iliyodanganya siku zote hizi haishindwi kujitia adabu mbele ya wageni."

Mkuu ananuna, lakini baada ya mabishano anakubali: kitanda kiende wodini kitupu, na Mama Hodi akae nacho. Hatagusa waya. Utachomolewa na muuguzi, wakati wowote apendao, bila kumwambia.

"Mkono wangu kimeshauzoea," anaeleza, akikunja kanga aliyofunikia chupa.

Anachotumaini ni kidogo tu, kwamba siku moja mama mzazi ataketi kando ya kitanda hiki na usingizi umchukue bila hofu.

"Yeye na asinzie," anasema. "Mimi sitasinzia."