Nyumba Iliyotembelewa na Walioshiba

Harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kuondolewa maganda, na mbaazi vikichemka katika chungu kimoja ndiyo utoto wangu wote. Nililelewa na nyanya, mama mzazi wa mama yangu, karibu na soko la Zombe, na katika nyumba ile chakula hakikukosekana. Waliokosekana ni walaji. Mbuzi wa jirani walikufa muda mfupi baada ya yeye kugombana na nyanya, na kwa kuwa nyanya alijua mizizi ya kutuliza tumbo, watu wakajijumlishia wenyewe kwamba ni mchawi. Tangu hapo kila mgeni wetu alikuwa ametoka kula. Hata watoto niliosoma nao walishiba ghafla walipokaribia boma letu. Ua wa miiba uliowekwa kuzuia fisi, mimi niliuona umewekwa kutuzuia sisi.

Aliyebanwa zaidi alikuwa mama mdogo Mwende, kitinda mimba wa nyanya. Kijana mmoja, Kioko, fundi wa baiskeli pale sokoni, alimpenda, na kila alipokuja, Mwende hakumpa hata maji. Nilimwona mchoyo mpaka aliponieleza. Watu wa Kioko wasipokula kwetu, hakuna ndoa. Na Kioko akila, watasema ametiliwa dawa ya mapenzi. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa vizuri sana na nikaogopa, maana zamu yangu nayo ingefika.

Siku ya posa Kioko alikuja na baba yake, mzee wa kanisa, pamoja na mjomba wake. Nyanya alipoandaa muthokoi, yule baba akashukuru na kusema wametoka kula. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, na tumbo la mjomba lilinguruma tukalisikia sote. Kioko akavuta sahani. Mwende akaing'ang'ania upande wa pili.

"Usile. Watasema nimekuwekea dawa."

"Wacha waseme," Kioko akajibu, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, huyu nilimpenda kabla sijaonja kitu yake yoyote. Leo nasikia njaa tu."

Akala, akaongezewa. Baba yake akainuka akatoka, na mjomba akamfuata. Kioko na Mwende walioana bila baraka za mzee huyo, wakahamia Sultan Hamud, ambako hakuna aliyemjua nyanya. Nilifurahi kwa ajili yao na nikalia kwa ajili yangu, kwa sababu nilibaki na nyanya na sahani ambazo hazikuguswa.

Zamu yangu ya kuposwa haikufika. Nyanya alifariki zamani, na boma ni langu sasa. Majirani wa siku hizi wana simu na wanacheka habari za wachawi, ila nikiwaandalia chai bado wametoka kunywa. Mwaka jana tulimzika mama mdogo, na matangani nilimsikia mwanamke akinong'ona kwamba ile dawa ilikuwa kali, haikuisha nguvu mpaka kaburini.

Wiki iliyopita Kioko alikuja peke yake kutoka Sultan Hamud, mzee wa mkongojo. Alisimama mlangoni akanusa, kisha akauliza kama muthokoi umeiva. Nikampakulia. Alikula taratibu, akamaliza, akanisukumia sahani nimwongeze.