Siku Raylene Aliposimamisha Wimbo Kwao

Umewahi kuona watu wakimzomea binti waliyemlea wenyewe?

Mimi nimeona. Nilikuwa nyuma yake jukwaani, jasho linaniingia machoni.

Naitwa Cleophus. Napiga gitaa la chuma, lile la kulazwa ambalo ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi linalia kama mtu. Nilijifunza utotoni kanisani kwetu Florida, ambako sisi weusi tunamsifu Mungu kwa gitaa hilo hilo. Mashabiki wa kantri, muziki wa mashambani kwetu Marekani, wanadhani ni la wazungu peke yao. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nimechoka.

Bosi wangu ni Raylene Stidham, mzungu wa milimani Tennessee. Mwaka ule wimbo wake ulikuwa kwenye kila redio, na kampuni ya kurekodi ilikuwa karibu kumpa mkataba wa albamu. Mabosi wakaja kumtazama kwenye maonyesho ya kaunti ya kwao.

Desturi ni kwamba katikati ya shoo mwimbaji anawataja wapigaji wake, jina na kwao. Watu wanapiga makofi kidogo, shoo inaendelea.

"Na kwenye gitaa la chuma, kaka yangu Cleophus Gadsden, kutoka Florida!"

Sauti ya mwanamume ikatoka viti vya juu kabisa.

"Mshushe huyo! Huu muziki ni wetu!"

Akamalizia na lile neno la kututukana sisi weusi. Mnalijua.

Wengine wakacheka. Nikainama, nikajifanya nakaza nyuzi.

"Dada, twende wimbo unaofuata," nikamnong'oneza. "Achana naye."

"Hapana, Cleo."

Akaisogelea maiki. "Wewe uliyesema, nimekusikia. Siimbi mpaka utoke."

Hapo kikanuka.

"Imba wewe! Tumelipa kiingilio!"

"Siasa zako peleka kwa mabosi wako Nashville!"

Kopo la bia likapita karibu na sikio langu. Raylene hakusogea.

"Huyu nakula naye, nasafiri naye," akasema. "Ukimtukana yeye umenitukana mimi. Toka."

Nilimkasirikia, sifichi. Kesho yeye ataitwa shujaa. Mimi ndiye nitakayesimama kituo cha mafuta njiani, na watu wale wale nyuma yangu. Hata kuniuliza hakuniuliza.

Mwishowe mzee mmoja mwenye kofia akainuka kule juu, akashuka ngazi polepole, akatoka bila kugeuka. Wengi wakamfuata, tukamaliza shoo mbele ya viti vitupu. Mabosi wa kampuni waliondoka bila kuaga.

Kwenye basi nikamlipukia.

"Umeridhika? Mkataba ndiyo huo umekwenda. Kwa ajili ya mlevi mmoja usiyemjua!"

Akaendelea kuvua buti zake.

Mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi, macho mekundu.

"Mama," Raylene akasema.

"Kuleni, najua hamjala." Akaweka sufuria mezani. "Baba yako amesema usikanyage nyumbani. Hataki hata jina lako litajwe."

"Nilijua atasema hivyo."

"Kumbe ulijua ni yeye aliyepiga kelele? Kwa umbali ule, Ray?"

"Mama, yule ndiye aliyenifundisha kuimba. Nilimjua tangu neno la kwanza."

Nikakaa kando yake.

Mama akanigeukia. "Na wewe ule, mwanangu. Pole." Kisha akatoka haraka, kabla mumewe hajaanza kumtafuta.

Redio ziliuacha ule wimbo. Sasa tunapiga kumbi ndogo, na bado kuna wanaonitazama vibaya nikiweka gitaa langu. Baba yake hajapiga simu mpaka leo. Krismasi Raylene anakuja kwetu Florida, mama yangu anampakulia sahani inajaa, naye anakula kidogo tu, simu iko karibu na mkono.

Ndugu zangu, kumfukuza mbaguzi usiyemjua ni rahisi, na makofi utapigiwa. Omba usije ukasimama mbele ya watu, ukaisikia sauti, na ukakuta ni ya nyumbani kwenu.