Gari Lililokosa Abiria

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wa Migori, na anayeamini kila mtu katika kazi hiyo hafiki mbali. Kwa hiyo niliposikia kuna mzee Isebania anauza gari la kifahari, lile refu jeusi ambalo huku tunaliona likipita tu na mkubwa ndani, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba limeibwa. Nilikwenda kuliona mara tatu. Nililala chini na suti yangu kusoma namba ya chesisi. Nilinusa mazulia nikitafuta harufu ya gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Fundi wangu aliposema gari ni safi, nikamshuku na yeye, nikaleta mwingine.

Lilikuwa safi. Viti vya ngozi vinakanda mgongo, na mlango ukiusukuma kidogo unajifunga wenyewe. Nililipenda kama mtoto! Nikalipa, lakini nikakataa kulichukua mpaka hati zibadilishwe jina. Nikiwa bado nangoja hati, ndugu yangu mdogo akafariki kwa ugonjwa wa figo, tukamzika nyumbani, karibu na Mbita. Mwezi mmoja baadaye nikaliendesha gari hadi kwa mama.

Hapo ndipo nilipoanza kushukiwa mimi.

Kwetu mwenye gari hana Jumamosi. Ijumaa utaombwa uende mochari, kesho yake ubebe wakwe, mchungaji na sufuria za matanga. Nilikuwa nimeshajiandalia visingizio vyangu. Hakuna aliyeniomba. Kulikuwa na matanga mawili kijijini, na watu wakabanana kwenye pikapu ya samaki huku gari langu limesimama tupu uani.

Nikajiambia wana wivu. Kisha Jumapili mama akavaa gauni lake la kanisa, akalizunguka gari kwa mbali, akapanda boda.

Aliporudi nilimuuliza mbona ananiaibisha.

"Wanasema ulimtoa ndugu yako kafara ndio upate hii gari," alisema, bado amesimama. "Mimi sijasema. Lakini silali, wuoda. Mwanangu, niambie ukweli."

Nilikasirika. Nikaenda garini, nikatoa mkataba wa mauzo, wenye sahihi za mashahidi na tarehe juu.

"Soma, Mama. Nilimaliza kulipa yeye akiwa hai. Ni pesa ya dhahabu. Kafara iko wapi hapa?"

Mama alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Husoma polepole na hakosi kitu. Kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

"Hii ndiyo siku aliomba simu yangu akakupigia," alisema. "Alitaka umpeleke hospitali Kisumu. Nilikuwa nimekaa hapo kitandani kwake. Ulimwambia nini?"

Nilikumbuka vizuri sana. Alikuwa na tabia ya kuugua kila alipoishiwa, na siku hiyo nilidhani ni mchezo ule ule. Nilimkatia simu nikaendelea kuhesabiana pesa na mzee wa Isebania.

"Nilimwambia sina pesa," nikasema. Niliona haya hata kumtazama.

Mama akakunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni kitu.

"Nitawaambia watu si kafara," alisema. "Watauliza, basi ni nini. Niwaambie nini, wuoda?"