Krimu ya Muwasho

Ngozi ya mkono wangu ilichanika shambani, asubuhi, nikiwa nachuma pamba. Kila anayechuma pamba anajua yale maganda makavu yana ncha. Yanakukwaruza, unabaki na mstari mweupe, unaendelea na kazi. Siku ile ganda lilinigusa tu ndani ya mkono, chini ya kiwiko, na ngozi ikafunguka kama mfuko wa nailoni. Kwanza sikusikia maumivu. Nilisimama nikaitazama. Pembeni ya kidonda ngozi ilikuwa nyembamba na inang'aa, mishipa naiona yote. Nikajiuliza: hii ni ngozi yangu, au nimevaa ya mtu mwingine? Damu ikaanza kudondokea pamba nyeupe kwenye kitenge nilichojifunga kiunoni.

Ilianza zaidi ya mwaka nyuma, na duara dogo chini ya titi. Linawasha, pembeni jekundu, katikati safi. Kijijini kwetu, upande wa Ngulyati, zahanati ipo, natembea kwa mguu tu. Ila mganga wa pale ni mkwe wangu, amemuoa binti yangu mkubwa. Kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume hata njiani mnapishana mbali, mmoja anaingia kwenye nyasi. Sasa nikamvulie blauzi? Bora niwashwe.

Nikaenda Bariadi mjini, duka la dawa karibu na soko. Muuzaji kavaa koti jeupe. Mimi niliishia darasa la nne, mtu akivaa koti jeupe namwita daktari.

"Mwangaluka, mama. Shida nini?"

"Muwasho, daktari."

"Wapi?"

"Mwilini."

"Mwilini ni pakubwa, mama!" Akacheka. "Haya, chukua hii. Fangasi, aleji, vipele, inapiga vyote."

Hakuniambia nimwonyeshe, na mimi nikashukuru moyoni. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye maandishi madogo ya Kiingereza. Nikamuuliza inasema nini.

"Inasema upake, mama. Paka asubuhi na jioni."

Nikapaka. Siku ya tatu muwasho kwisha, wekundu kwisha. Niliona maajabu. Nikaacha, na wiki haikuisha duara likarudi, likiwa na wenzake kwapani. Nikapaka tena, wakatulia. Nikiacha, wanarudi wengi zaidi, wanashuka mikononi na mapajani. Jambo hili lilinishangaza sana, nikawa nayachunguza maduara kila nikioga: yamepanda, yameshuka, hili limeungana na lile. Akili yangu ikaniambia dawa ni nzuri, ugonjwa ndio mkali. Kila tyubu ikiisha narudi, yule muuzaji hata salamu haimalizi. "Ile ile, mama?" "Ile ile." Jirani yangu, mama wa kwaya, naye akanitia moto: "Mikono imekuwa laini kama ya mke wa bosi! Endelea hapo hapo."

Siku niliyochanika binti yangu alikuja kuniosha kidonda, akaona na maduara mwilini. Akamwita mumewe. Yeye akasimama nje, nyuma ya ukuta, mimi ndani, binti katikati mlangoni.

"Muulize mama amepaka nini."

Namsikia vizuri kabisa. Lakini binti ananigeukia: "Mama, anauliza umepaka nini."

"Mwambie krimu ya muwasho."

"Muulize kwa muda gani."

Nikajibu, zaidi ya mwaka. Yeye kule nje akasema, "Mwambie mama, Jumanne na Alhamisi tunaye nesi wa kike. Angekuja kwa huyo."

Nikauma meno. Mwaka mzima nesi yupo, na hakuna aliyebandika hata karatasi mlangoni! Mkwe wangu, namheshimu, ila kosa hilo nalo ni lake.

Akaniandikia niende hospitali. Huko daktari mmoja wa kike alikwangua magamba kidogo, akayapeleka maabara. Nikamwambia, "Naomba na mimi nione." Watu wa maabara wakacheka, wakanikaribisha. Nikaweka jicho kwenye darubini. Nikaona nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya nyasi.

"Hao ndio fangasi," daktari akasema.

"Na krimu ilikuwa inawafanya nini?"

"Hao haikuwagusa. Ile ni steroidi. Mwili unawasha kwa sababu unapigana nao. Krimu iliuzima mwili usipigane, wewe ukaona umepona, wao wakasambaa. Na ngozi ikawa inaliwa."

Nilikuwa nimebeba lile boksi. Akanisomea karatasi: isipakwe kwapani, isipakwe kwenye fangasi, isizidi wiki mbili bila daktari. Nikamwomba arudie. Yote yalikuwa mle.

Fangasi wameondoka kwa dawa nyingine. Michirizi ya mapajani iliyoletwa na krimu, daktari amesema haitaondoka. Mikono nafunika kwa shati la mikono mirefu, na pamba msimu huu wamenichumia wengine.

Nilirudi dukani. Yule muuzaji akautazama mkono wangu haraka, akatazama rafu zake.

"Lakini mama, si ulikuwa unarudi mwenyewe?"

Nikamjibu: nilirudi mwenyewe, ndiyo. Niliona aibu mwenyewe, hilo nalikubali, na jirani namsamehe, hakujua. Wewe karatasi ulikuwa unaweza kuisoma, mimi nilikuwa siwezi, na nilikuuliza. Tyubu baada ya tyubu, hukuuliza hata mara moja muwasho gani huu usiopona. Na aliyekupa kibali cha duka, anayepita kukagua, alikagua nini? Vumbi la rafu? Sitaki pole. Nataka mmoja wenu, wewe au huyo mkaguzi, aniambie mbele za watu: niliuziwaje dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyeutazama?