Mistari Miwili Kinyinya

Sitaumauma maneno: nilikitaka kile cheo mpaka nikakosa usingizi. Goti lilipokataa mpira, nilifungua duka la saruji na nondo hapa Kinyinya, na biashara ikashika, maana kila kona watu wanajenga. Lakini duka halipigi makofi. Mtu uliyeshangiliwa na uwanja mzima kule Remera, leo unapima misumari kwa kilo! Basi nikajipangia: kwanza uongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu huu mdogo, halafu baraza la wilaya. Nikishindwa mlangoni kwangu, huko juu nani atanisikiliza?

Mpinzani wangu alikuwa mmoja tu, mama fundi cherehani, jirani yetu wa siku nyingi. Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Kwetu kura ya mtaa haina karatasi. Wagombea wanasimama mbele, wanawapa watu mgongo, na kila mkazi anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Huruhusiwi kugeuka mpaka uambiwe.

Jumamosi ile asubuhi nilisimama kwenye kiwanja cha shule na suti yangu ya harusi. Pembeni yangu fundi, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Nyuma nikasikia vishindo, vicheko, na sauti za vijana: "Kapteni! Sisi iko nyuma yako!" Moyo ukatulia.

"Pole, mama," nikamnong'oneza fundi.

"Asante, kapteni. Lakini bado."

Msimamizi akapaza sauti: "Wasio wakazi wa hapa watoke kwenye mistari! Kapteni, mashabiki wako wa Batsinda na Remera wakapige kura kwao."

Watu wakaangua kicheko. Nikasikia miguu ikiondoka mgongoni kwangu, mingi, wengine wakilalamika, wengine wakinitakia heri. Loo! Kumbe wiki nzima nilikuwa nahesabu makofi nikidhani ni kura. Kila aliyepiga picha na mimi nilimtia kwenye hesabu, sikumuuliza hata mmoja analala wapi. Mjinga mimi! Jasho likaloanisha kola. Nilitamani kugeuka niwagombeze wote, waliotoka na waliobaki.

Nikajipa moyo kwamba angalau mke wangu yupo. Asubuhi aliponifunga tai nilimuuliza, "Sheri, uko nami?" Akajibu, "Twende, tutachelewa." Nikaridhika.

"Wagombea, geukeni!"

Nyuma yangu walisimama watu tisa. Watatu kati yao ni vibarua wangu wa dukani. Mstari wa fundi ulipita madarasa, ukapinda mpaka vyooni. Na katikati yake, ndani ya kitenge chake cha sikukuu, alisimama mke wangu. Hakuinamisha macho.

Tulirudi nyumbani. Nilijikaza njia nzima, getini nikalipuka.

"Umeniaibisha mbele ya kadamnasi! Mke wangu mwenyewe! Nimekukosea nini?"

Alifungua geti kwanza, akaingia, akanisubiri niingie.

"Siku nilipojifungua kifungua mimba wetu, ulikuwa wapi?"

"Kambini. Tulikuwa na mechi, unajua."

"Najua. Yeye aliacha nguo ya bibi harusi kwenye cherehani, akanishika mkono mpaka barabarani, mvua inanyesha. Alikaa nami hospitali mpaka mtoto akalia. Sikukulaumu siku ile, na leo sikulaumu. Lakini mtu akipata shida hapa anataka mlango wa kugonga, na mwenyewe awepo."

Binti yetu yule ana jina la fundi. Miaka yote nilidhani ni jina tu mke wangu alilolipenda.

"Mbona hukuniambia amepewa jina lake?"

"Hukuuliza," akasema, akaingia ndani kuvua kitenge.