Pini Mdomoni mwa Dada

Shemeji yangu anafundisha saikolojia chuoni, na tangu amwoe dada yangu hakuna anayekohoa nyumbani asiambiwe ni mambo ya utotoni. Dada ni fundi cherehani. Akipima nguo hubana pini mdomoni.

"Uliachishwa ziwa mapema," shemeji akamwambia akizitazama pini hizo mdomoni, kwa uhakika wa mganga.

"Mama alininyonyesha miaka mitatu."

"Basi ulizidishiwa. Ndiyo maana."

"Na kama ni mazoea ya kazi tu?"

"Kukataa kwako ndiko ushahidi."

Kwamba utoto huacha alama, hata mimi nakubali. Lakini bwana huyu, ukisema ndiyo kapatia, ukisema siyo kapatia zaidi.

Dada akatema pini kiganjani. "Mume wangu, nguo inayomkaa kila mtu bila kupimwa, sisi mafundi tunaiita shuka."